Mgeni wa Kamanda

Mazinde, Jumanne

Bado haunyanyuki, mkono wa kulia, tangu juzi mume wangu aliponipiga. Leo nimemmiminia mgeni chai kwa mkono wa kushoto. Sijui kaniona sina adabu?

Ni dada wa mradi wa usalama. Kaja kumpongeza mume wangu, kamanda wa sungusungu, kwa sababu kijiji kizima kinamsikiliza. Majuzi kamtoza jirani mbuzi kwa kumpiga mkewe, watu wakamshangilia.

Mgeni akanigeukia, kamanda kakaa pale pale. "Mama, hapa mwanamke akipigwa na mumewe, anakwenda kwa nani?"

Hivi swali kama hilo linaulizwa mbele ya mume?

Nikavuta kitenge kufunika kiwiko. Nikasema kweli tupu.

"Kwa kamanda."

Mgeni akafurahi sana. Mume wangu akasema nimwongezee mgeni chai.