Karata ya mifupa siku ya sendofu ya Nesta

Wilbard ndugu yangu, nimeharibu.

Sendofu ya kumuaga Nesta ni jioni hii, na mimi baba mzazi sina hata sentensi moja ya kusema. Tangu juzi naandika "Ndugu wageni wetu", halafu kichwa kinagoma.

Violet, yule mpwa wangu wa Nakonde, akanipa karata zake za taro, zile za picha ambazo watu hutabiria. "Mjomba, siyo uganga. Chomoa moja, tazama picha, andika kinachokujia."

Nikachomoa. Ikatoka mifupa! Mifupa ya mtu imepanda farasi, na chini imeandikwa "kifo" kwa Kiingereza, Wilbard!

Bibi harusi naye akaingia wakati huohuo. "Baba! Unaipigia ramli ndoa yangu?"

Nikaikalia karata. Akaninyanyua, akaiona, akakaa chini. "Kwa hiyo Lucky atakufa kabla hajanioa?"

Lucky atakufa! Nilichanganyikiwa, ikanitoka tu: "Hakuna anayekufa, we mtoto. Shida ni mimi. Tangu tumzike mama yako, nani mwingine ananigombeza nisipokula? Ukiondoka, nyumba hii itanyamaza. Naogopa."

Sijawahi kumwambia hivyo. Akalia. Mimi nikaangalia dirishani.

Akafuta macho, akasema, "Hayo ndiyo useme jioni, baba. Hivyohivyo."

Hivyohivyo! Mbele ya wakwe wote wa Mbebe, na kipaza sauti mkononi!

Wanashusha viti na turubai sasa hivi. Njoo ukae karibu yangu. Nikishindwa, chukua kipaza sauti wewe. Lakini usininyang'anye haraka.