Pikipiki ya Mzee Anyosisye

Isansa, 3 Juni 2024

Binti yangu Lusungu, fundi wa umeme wa pikipiki, Mpemba.

Salamu nyingi. Huku wazima, kifua cha mama yako kimeachia, kahawa imeiva na mimi ndiye niliyeanza kuvuna, wengine wananifuata. Nakuandikia kwa mkono maana simu zenu siku hizi zinanong'ona. Masikio yangu hayana shida. Barua nampa Gwamaka wa Hiace.

Kuna mzee hapa, Anyosisye, unamkumbuka. Taa kubwa ya pikipiki yake imefifia kama kibatari, honi inakoroma, na akiwasha indiketa ile taa kubwa nayo inakonyeza. Juzi asubuhi kwenye ukungu aliingia mtaroni na maziwa yote. Mimi nisingeingia. Sasa mwanawe aliyeko Chitete amesema taa isipotengemaa kufika mwisho wa mwezi, anakuja kuichukua pikipiki, baba yake atembee kwa miguu. Mzee hali, halali.

Mambo haya nayajua, pikipiki ya kwanza Isansa ilikuwa yangu. Ila nina kazi nyingi, ndiyo nakuuliza wewe.

Baba yako,
Kefa


Mpemba, 7 Juni 2024

Baba, shikamoo. Nimefurahi mama anapumua vizuri. Mimi mzima, kazi ipo, foleni ya malori ya mpakani imefika mpaka mlangoni kwetu.

Mpe pole mzee Anyosisye. Kumbe naye ana mwana Chitete, kama Brayan wetu. Mwambie asinunue kitu chochote kwanza. Anieleze: kabla taa haijaanza kufifia, pikipiki ilifanywa nini? Na mtaroni aliumia?

Mwanao,
Lusungu


Isansa, 10 Juni 2024

Binti yangu, salamu. Sisi wazima.

Alishanunua. Globu mbili na betri mpya, taa ni ile ile. Hakuumia, ni goti tu.

Pikipiki haikufanywa kitu. Ilipakwa rangi basi. Alifungua kila kitu akapaka chuma chote kijani, mikono mitatu, rangi juu ya rangi, mpaka ndani ya matundu ya bolti, kwa rangi iliyobaki walipopaka geti la kanisa. Watu wanasimama kuiangalia. Tunduma nzima hakuna fundi wa kupaka vile. Lakini rangi na taa wapi na wapi.

Baba yako,
Kefa


Mpemba, 13 Juni 2024

Baba, shikamoo. Natumaini goti linaendelea vizuri, la huyo mzee.

Ugonjwa ni rangi. Umeme ukishaenda kwenye taa lazima urudi kwenye betri, na unarudi kwa kupita kwenye chuma cha pikipiki. Kuna waya mweusi unatoka kwenye betri na kufungwa kwa bolti kwenye chuma, chini ya kiti. Sasa umefungwa juu ya rangi, umeme hauna njia, unahangaika kupitia kwenye indiketa. Akwangue rangi pale mpaka chuma king'ae, afunge bolti ikaze. Basi.

Jana nilimwona mzee Anyosisye hapa sokoni, nikampa pole ya goti. Akaliangalia goti lake, akaniambia tangu azaliwe hajawahi kuwa na pikipiki.

Mwanao,
Lusungu


Isansa, 17 Juni 2024

Salamu. Huyo ni Anyosisye mwingine.

Mwenye pikipiki anasema hakwangui. Mikono mitatu ile.

Baba yako


Mpemba, 24 Juni 2024

Baba, shikamoo. Mama hajambo?

Brayan amenipigia. Jumamosi anakuja huko na mtu wa kuendesha pikipiki hadi Chitete. Amesikia ya mtaroni na hataki maneno. Nimemwomba aangalie taa kwanza, amekubali hilo tu.

Pa kukwangua ni padogo kama kifungo cha shati. Bolti ikirudi inapafunika. Hakuna atakayepaona, baba, hata mwenye pikipiki.

Mwanao,
Lusungu


Isansa, 1 Julai 2024

Binti yangu Lusungu, salamu. Huku wazima, ukungu ndiyo umezidi.

Yule mzee alikwangua Ijumaa, kwa kisu cha mama yako. Mama yako amenuna, kisu kimekuwa butu. Jumamosi alfajiri niliiwasha pikipiki na taa yake, nikakaa juu yake nje ya geti, namsubiri kaka yako. Alikuja na mwenzake, wameziba macho kwa mikono. Akaikagua, akabonyeza indiketa, taa kubwa haikutikisika. Honi nikampigia mwenyewe, akaruka.

Akauliza, "Baba, nani ametengeneza?"

Nikamwambia, "Mwenye pikipiki."

Wakanywa chai wakaondoka na gari walilokuja nalo. Pikipiki ipo, leo nimepeleka maziwa.

Sasa wazee wenye taa mbovu wananijia. Nawaambia niliyemuuliza mimi ni fundi mmoja yuko Mpemba, waende huko, kama yeye hakuna. Sisemi kwamba ni binti yangu. Watasema najisifu.

Baba yako,
Kefa