Mteremko Bila Gia

Jumamosi

Na bado ananiita mwalimu, baada ya yote niliyomwambia.

Mzee Aloyce, mkulima wa kahawa wa Machame, ndiye mwanafunzi wangu mzee kuliko wote kwenye mafunzo haya ya magari ya mashindano. Asubuhi nilimwamkia shikamoo. Tulipofika kwenye mteremko wa uwanja wetu wa vumbi, akatoa gia ili gari lishuke lenyewe, kama wafanyavyo huko kwao kuokoa mafuta. Kona ikamshinda, tukajibamiza kwenye matairi ya pembeni.

Nilimshusha mbele ya wenzake. "Ng'ombe wako angeshika usukani vizuri kuliko wewe. Na aliyekufundisha hivi ni mjinga." Vijana wakacheka, nami nikanogewa, nikarudia.

Akapangusa miwani taratibu. "Alinifundisha baba yako, mwalimu. Kwenye lori lake."

Nikamwambia zamu yake imekwisha.

Sikumwomba radhi, wala sitamwomba. Baba alifia kwenye mteremko wa Machame. Mimi ndiye niliyefika wa kwanza, nikakuta lori lake limetolewa gia. Mama nilimwambia breki zilifeli.