Baba Uliyejiita Mlawi

Baba yangu mpendwa,

Leo ni Ijumaa na nimetoka makaburini kwako. Haris, yaani mlinzi wa lango, aliniambia nisikae sana kwa sababu ya jua, nami sikukaa. Nilisimama tu. Niliyokuja kuyasema hayakutoka kinywani, kwa hiyo nimerudi chumbani kwangu hapa Khuwair ya Kusini, nimefunga mlango, nakuandikia.

Wengi watakaosoma barua hii hawakukujua, basi acha niseme ulikuwa nani. Ulikuwa fundi wa viyoyozi. Ulitoka Taita nikiwa na miaka kumi na miwili, ukaja hapa Muscat kufanya kazi katika karakana moja ya Darsait. Siku sita za juma ulipanda mapaa ya watu na mkoba wako wa spana. Ijumaa ulikuwa mwalimu. Wakenya na Watanzania, wengi wao kina dada wanaofanya kazi majumbani, walikusanyika mtaa wa Ruwi kwenye sebule ya mshirika mmoja, juu ya duka la fundi cherehani, wakusikie ukifundisha Maandiko. Hukusomea chuo chochote. Ulisoma mwenyewe kitandani, baada ya kazi, na mikono yako bado ikinuka mafuta.

Katika makabila yote kumi na mawili ya Israeli, moja ndilo lililokuteka moyo. Lawi.

Mara ya kwanza nilipokusikia ukilitaja, nilikuwa na miaka kumi na sita. Ulikuja likizo, na babu alikuwa ameshafariki, kwa hiyo wazee walikaa kugawa shamba lake kati yako na baba mdogo. Tulikuwa tumekaa uani, Mama yuko mlangoni na mwiko mkononi. Ukasimama.

"Ndugu zangu, mimi msinigawie," ulisema. "Nchi ya ahadi ilipigiwa kura, kila kabila likapata bonde lake na kilima chake. Lawi hakupewa. Aliambiwa Mungu mwenyewe ndiye fungu lake. Na mimi nimeitwa kwa kazi hiyo hiyo. Fungu langu mpeni mdogo wangu."

Mzee mmoja akakuuliza kama umefikiri. Ukasema umefikiri na umeomba. Baba mdogo aliinamisha kichwa.

Mama ndiye aliyesema. "Mungu ni fungu lako wewe. La watoto ni lipi?"

"Mama Wakesho, usiogope," ulimjibu. "Walawi hawakufa njaa."

Na mimi, baba, nilisema amina. Nilisema kwa sauti, mbele ya wazee, ili Mama anisikie. Nilikuona mrefu kuliko watu wote wa Taita siku ile. Mama alinitazama, akaingia jikoni. Hatukuwahi kulizungumza tena hadi ulipokufa.

Miaka minne baadaye ulinitafutia kazi kwenye saluni ya hapa Khuwair, nikaja. Ijumaa yangu ya kwanza Ruwi ulikuwa umechora kambi ya Israeli nyuma ya kalenda ya zamani: Yuda na wenzake mashariki, Reubeni kusini, Efraimu magharibi, Dani kaskazini, na katikati hema la Mungu. Kulizunguka hema uliandika Lawi, Lawi, Lawi, pande zote nne.

"Hawa ndio ukuta," ulisema. "Wengine wanahesabiwa kwa vita, Lawi anahesabiwa kwa huduma. Wana wa Gershoni wanabeba mapazia. Wana wa Merari wanabeba mbao na nguzo. Hao wamepewa magari ya ng'ombe. Lakini wana wa Kohathi hawakupewa gari. Vitu vitakatifu vinabebwa mabegani."

Dada mmoja wa Tanga, aliyekuwa akilea watoto watatu wa watu, aliinua mkono. "Mwalimu, sasa hawa hawakuchoka?"

Watu walicheka. Nawe ulicheka. "Walichoka! Ndiyo maana Mlawi akifika miaka hamsini anatua mzigo. Anabaki kuwasaidia ndugu zake, lakini kubeba, khalas, basi."

Ulifikisha hamsini mwaka uliofuata. Nilikukumbusha kwa mzaha, nikakuambia Mlawi ashuke kwenye paa. Ukaniambia, "Bado kidogo." Ulipokufa ulikuwa na hamsini na tatu.

Ilikuwa Juni. Ulikuwa juu ya paa la jengo la ghorofa nne, si mbali na saluni yetu. Mwenzako, kijana Mhindi wa Kerala, alisema ulikaa kivulini mwa tangi la maji, ukamwambia kifua kinakubana, ukamwomba maji. Alipofungua chupa ulikuwa umeshalala ubavu. Walinipigia simu nikiwa na kichwa cha mteja mkononi, dawa ya nywele haijasuuzwa. Nilifika hospitali na povu kwenye vidole. Daktari alikuwa mpole. Alinieleza taratibu, tena kwa maneno machache, kama mtu aliyezoea kuwaambia wageni.

Washirika wa Ruwi walikuwa tayari kukusafirisha nyumbani. Kabla jua halijazama walikuwa wameshagawana kazi: nani aende ubalozini, nani aende kwa mwenye karakana, nani akae nami. Kazi yangu ilikuwa moja tu, kumpigia simu baba mdogo achimbe kaburi.

Nilipiga nikiwa kwenye kibanda cha simu Ruwi. Alilia, baba. Nataka ujue kwamba alilia kweli. Kisha nilipomwambia jeneza lingefika ndani ya juma, akasema, "Wakesho, hapa haiwezekani."

Nilidhani laini ni mbovu. "Haiwezekani nini?"

"Kaka alisema mwenyewe mbele ya wazee. Hana fungu hapa."

"Ni kaburi tu, baba mdogo. Hatuombi shamba."

"Kaburi ni mpaka, mwanangu. Nikimzika hapa, kesho ndugu zako watakuja waseme baba yetu yuko hapa, na sisi ni wa hapa. Nina wana sita. Mimi sikumwomba anipe. Alitoa."

Nilimsihi mpaka mwenye kibanda akagonga kioo. Sikumtukana. Hata leo sijui ningemtukania nini, maana kila alichosema ulikuwa umekisema wewe kwanza.

Mama alikwenda kwa mchungaji wa kanisa ulimokuwa ukihubiri kabla ya kuondoka. Akaambiwa kanisa halina makaburi. Ilibaki ardhi ya manispaa, Voi. Mama alikataa. Alinipigia simu, sauti yake kavu kabisa. "Akizikwa na manispaa hapa, kila atakayepita atasema huyu hakuwa na ukoo. Mzike huko huko. Huko hakuna anayetujua."

"Mama, hutaona kaburi."

"Mzike, Wakesho."

Basi tukakuzika Muscat, katika makaburi ya Wakristo, wanaume sita wa Ruwi wakikubeba mabegani. Wimbo ulianzishwa mara mbili ukakatika. Mimi nilikuwa natazama udongo ule mkavu wenye mawe, nikifikiria udongo mweusi wa kwetu, unaoshika kwenye jembe.

Bibi Zuwena alikuja kunipa pole. Wasiomjua, ni mama wa mwenye karakana, Mwomani aliyezaliwa Unguja. Ulikuwa ukimtengenezea kiyoyozi chake, naye hakukuacha uondoke bila kahawa. Alikaa kitandani kwangu, akanishika mkono.

"Nnakupa pole, mwanangu. Baba'ko alikuwa mtu wa kheri. Wallahi nyumba imekuwa kimya."

Nikamwambia yote, ya shamba na ya baba mdogo. Alisikiliza, akatikisa kichwa.

"Sisi nasi tuliacha kwetu. Kule tukaitwa Waarabu, tulipofika huku tukaitwa Wazanzibari. Lakini nlipomzika mume wangu hapa, nlisema basi. Mtu pahala alipozika ndipo kwao."

Alikuwa akinifariji, nami nilimshukuru. Lakini yeye ana pasi ya nchi hii na wajukuu. Mimi nina kibali chenye tarehe ya mwisho.

Baada ya hapo nilianza kusoma kuhusu Lawi mwenyewe, baba, bila mwalimu. Nilitaka kuona ulichokiona. Nikakuta mambo ambayo hukuwahi kutuambia. Nikakuta kwamba kutawanywa kwa Lawi hakukuanza kama heshima. Kulianza kama laana. Yeye na Simeoni waliwaua wanaume wa mji mzima kwa hasira ya kunajisiwa dada yao Dina, na Yakobo akiwa anakufa akasema wazao wao watasambazwa. Baadaye ndipo walipochagua upande wa Mungu siku ya ndama wa dhahabu, laana ikageuzwa kazi. Wewe ulianzia kwenye kazi, ukairuka laana.

Nikakuta pia kwamba hawakuachwa hewani. Walipewa miji arobaini na minane, na kuzunguka kila mji malisho ya wanyama wao. Na wakati wa Nehemia, watu walipoacha kuwapa sehemu yao, Walawi walikimbia kila mtu shambani kwake. Shambani kwake, baba! Niliusoma mstari huo mara nyingi nikidhani nimekosea. Na Eleazari, mwana wa Haruni, kuhani mkuu, alipokufa alizikwa kwenye kilima alichopewa mwanawe katika nchi ya Efraimu. Kabila lisilo na nchi lilikuwa na kilima cha kuzikia.

Ulikuwa umeyasoma haya? Hilo ndilo linalonila. Kama hukuyaona, basi ulitutoa kafara kwa somo ulilolisoma nusu. Kama uliyaona ukanyamaza, sijui nikuite nani. Na mimi niliyeitika amina sijui nijiite nani.

Mwaka uliofuata kifo chako baba mdogo alimwambia Mama kwamba nyumba nayo iko ndani ya fungu lake. Mama hakubishana. Anaishi Voi, chumba cha kupanga nyuma ya kinu cha unga. Haendi tena kanisani. Nikimwuliza kwa nini, anasema miguu. Ndugu zangu wawili wametawanyika, mmoja Mombasa, mmoja sijui aliko. Nimejaribu kuwa na hasira na Mungu, lakini hasira inataka nguvu. Nikipiga magoti hakuna kinachokuja. Nasikia feni tu.

Washirika wa Ruwi waliniomba nichukue nafasi yako Ijumaa moja. Nilisimama mbele yao na daftari lako, nikalifungua penye Lawi. Nikasoma mistari miwili ya mwandiko wako, nikalifunga, nikakaa. Hawakuniomba tena.

Sasa, miaka kadhaa baadaye, saluni imeuzwa na mmiliki mpya hatanichukua. Kibali changu kinaisha, na ndege yangu ni kesho, Jumamosi. Narudi kulala sakafuni kwa Mama. Asubuhi ya leo, pale kaburini, nilijaribu kufikiria nani nimwachie kazi ya kukutembelea. Dada wa Tanga aliolewa akarudi kwao. Bibi Zuwena tulimpoteza mwezi wa Ramadhani. Wale sita waliokubeba nimewahesabu mmoja mmoja: wawili wako Doha, watatu wamerudi Kenya, mmoja amekufa. Wanaokusanyika Ruwi sasa walikuja baada yako, na mwenye karakana anakukumbuka kama fundi tu. Yule kijana wa Kerala sikuwahi kujua jina lake.

Kwa hiyo nakuaga, baba, na nakwambia kweli kwa sababu hukupenda tukufichefiche mambo. Kuanzia kesho hapatakuwa na mtu hata mmoja katika mji huu anayejua wewe ulikuwa nani.

Mwanao uliyemlea,
Wakesho