Makofi Yetu Hayakuwa Ndiyo

Maganga, mdogo wangu,

Ulale unavyolala, lakini leo utanisikiliza. Ni wewe uliyetuzoesha kumpigia makofi kila anayeshuka kwenye gari. Mtemi makofi, padri makofi, bwana mifugo makofi, hata yule mnunuzi wa asali ukatuchutamisha. Basi njoo uone makofi yako yametufikisha wapi. Zahanati inaondoka.

Ndiyo, hiyo hiyo. Ile uliyoifyatulia matofali ulipokuwa mwanangwa, mkuu wa kijiji hiki, ukatutoa wanawake mashambani tubebe maji ya udongo, nami nikakutukana njia nzima kutoka kisimani. Ukubwa wako haukunishtua, nilikubeba mgongoni ukinikojolea. Nilikuheshimu kwa ile nyumba. Sasa inahamishiwa Kaliua, karibu na stesheni, kwa kuwa huko reli inakogawanyika watu wamekuwa wengi. Sisi tuliobaki kwenye njia ya zamani ya misafara, waliyopita babu zetu na pembe mabegani, eti tu wachache. Homa haijatuona wachache.

Nikuambie ilivyokuwa. Bwana Shauri mpya, Mzungu mkuu wa wilaya, alikuja, kijana, shingo imeiva kwa jua, na karani wake wa kutafsiri. Tukakusanywa mbele ya zahanati. Aliposhuka tukachutama, tukapiga makofi, kama ulivyotaka. Akasema maneno yake, karani akayageuza Kiswahili: dresa mtoa dawa ataondoka, kabati la dawa litaondoka, vitanda vitaondoka, baada ya mavuno lori litakuja. Watu kimya. Kimya kile unakijua, cha kwetu, cha watu waliokwisha kukataa ila wanangoja mkubwa amalize ndipo wazee wajibu. Huyu hakungoja jibu. Alisimama, akachukua kofia yake. Na mkubwa akisimama, kwetu anafanyiwa nini, Maganga? Anaagwa. Tukachutama tena, tukapiga makofi tena. Na mimi nilipiga, magoti yananiuma. Yeye akatabasamu, akatupungia, akapanda gari.

Ulikuwa ukiniambia, "Dada, msalimie mtu kwanza, ugomvi utaukuta palepale." Nimemsalimia kwanza. Ugomvi sikuukuta, wameondoka nao kwenye gari.

Baadaye, siku moja tumetoka misa, katekista akatusomea gazeti. Limeandika kwamba watu wetu waliipokea habari ya kuhamishwa zahanati kwa makofi mengi na furaha. Furaha. Nilimwambia asome tena, nikidhani miwani yake imeingia ukungu. Akasoma tena, yale yale. Mke wako akacheka kile kicheko chake cha kulia, akaenda kukaa peke yake nyuma ya kanisa.

Kinachoniunguza si yule Mzungu. Kwao labda makofi ni kukubali, sijui, sikukulia kwao. Kinachoniunguza ni karani. Ni mtoto wa Nzega, wa Lusu, mama yake anachutama kama mimi. Alijua. Nilipokwenda Tabora kuuza karanga nikamkuta sokoni, viatu vinang'aa. Akaniamkia, shikamoo bibi. Sikuitikia. Nikamwuliza, kwenu Lusu mgeni akiagwa kwa makofi, ndiyo amepewa nyumba aibebe? Akasema, "Bibi, mimi natafsiri maneno, sitafsiri mikono." Wenye maduka wakacheka. Nikamwambia makofi ninayo ya namna mbili, na hayo ya pili hayahitaji mkalimani. Hapo wakacheka zaidi, na yeye akaondoka upesi na viatu vyake.

Vijana wa chama nao nimewapa yao. Walinikalisha barazani huko huko Tabora, mtaa wa Chemchem, wakinieleza kura, na kwamba tukijitawala kila kijiji kitapata daktari wake. Vizuri, na wajitahidi. Lakini nikawauliza, degedege la mtoto nalo linangoja kura? Mmoja akaniambia, "Mama, uwe na subira." Nilimwacha na subira yake na kikombe chake cha kahawa.

Maana mtoto wa binti yako Theresia hajapona, Maganga. Unakumbuka masika yale mjukuu wako alipokakamaa mikononi mwako, macho yamegeuka, ukakimbia naye kifua wazi hadi kwa dresa? Ukarudi umembeba analia, nawe unalia kumshinda. Nilikucheka mwaka mzima. Siku hizi sicheki. Theresia anashinda amemfunga mgongoni, kila akisimama anapeleka mkono nyuma kumgusa paji la uso. Hapa hadi Kaliua ni pori na mbung'o. Mtoto aliyekakamaa hafiki.

Mwanangwa waliyemweka mahali pako ni mtu mwema, mwema wa kutetemeka. Anasema jambo likishatoka gazetini limekwisha. Nimemwambia basi anyamaze, maana hiyo kazi anaiweza.

Bwana Shauri atarudi na lori, tuagane. Nimepita nyumba kwa nyumba. Siku hiyo hakuna kofi, hata la mtoto. Akishuka, akisema, akisimama, wanawake tutakuwa tumekaa chini mlangoni mwa zahanati, mikono kichwani, kama tulivyokaa siku ya kukuzika wewe. Na kabla hajaigusa kofia yake nitasimama mimi, niseme kwa Kiswahili: hatukubali. Karani akilimeza neno hilo, nitalisema tena, na wote nyuma yangu watalisema. Waliandike gazetini na hilo. Lori likitaka kabati, litatukuta tumeuziba mlango.

Mkono umechoka. Kuandika nilijifunzia kwenye mafundisho ya ubatizo tu, na hasira imeniharibia herufi. Kwaheri, mdogo wangu, usinijie ndotoni kunituliza. Nakuahidi mjukuu wako hatafia njiani nikiwa hai.

Nawe una kazi, katekista asijue. Nenda kwa baba na wazee wetu wengine huko, chutama vizuri mbele yao, wapigie makofi wao wanaostahili. Waambie watoto wao watakaa mbele ya mkubwa bila kumsalimia, wasituone tumekosa adabu, wasituletee balaa. Nenda sasa, kabla lori halijafika.