Tulivyomwimbia Marehemu wa Radi Kavu

Jumatatu, 3 Machi
Imekubaliwa. Mashabiki wa bendi ya roki Radi Kavu tunakutana Jumamosi kwenye ghala la zamani la mbao, kumkumbuka mwimbaji wao aliyefariki. Si kusikiliza kanda — tunapiga wenyewe. Magitaa kwa makumi, yote kwa pamoja. Mimi dramu. Shemeji, mume wa mdogo wangu, ataimba. Ukifumba macho utadhani marehemu kafufuka.

Jumatano, 5 Machi
Mazoezi yameishia damu. Kinyozi, mpiga besi wetu, alimtania Shemeji kwamba ubeti wa pili kauingia mapema. Utani tu. Shemeji akamtwanga mdomoni kwa stendi ya maikrofoni. Jino likaruka hadi kwenye dramu zangu. Nikamkumbatia Shemeji kwa nyuma kumzuia, akanipiga pua kwa kisogo. Kisha anacheka — eti roki si nyimbo za kubembelezea watoto. Wote wakacheka. Na mimi, damu puani, nikacheka.

Alhamisi, 6 Machi
Mdogo wangu kapita karakana nikiwa nachomelea geti. Mvua inanyesha, yeye kavaa miwani ya jua. Nikaivua. Jicho limeziba kabisa. Shemeji kamkuta jikoni akiimba Radi Kavu. Kamwambia anamharibia nyimbo zake. Zake! Mdogo wangu ndiye aliyemfundisha zote, enzi za uchumba.
Nikachukua nyundo. Akanishika mkono: "Ukimuua utafungwa wewe, kaka. Mimi nibaki na nani?"
Nimempa kitanda changu. Mimi sakafuni.

Ijumaa, 7 Machi
Kinyozi kaja, mdomo umevimba, anaongea kama mlevi. Tumekubaliana Shemeji hapandi jukwaani. Sasa nani ataimba? Mdogo wangu akajibu kutoka jikoni: mimi. Hakuna aliyebisha.

Jumamosi, 8 Machi
Niko chumba cha vifaa, nyuma ya jukwaa. Naandika ili mikono isifanye kitu kingine.
Tulianza vizuri mno. Magitaa yakaunguruma, mabati yakatetemeka, watu wazima wakalia. Mdogo wangu akaimba bila miwani, jicho lake lililovimba likionekana na wote. Wimbo wa kwanza watu walisikiliza tu. Wa pili wakaimba naye.
Wa tatu, Shemeji akaingia na mnyororo wa pikipiki. Akamshika mdogo wangu nywele, akamburuta. Sikumbuki nilivyotoka nyuma ya dramu. Nakumbuka mnyororo ukimpasua Kinyozi shavu. Gitaa la mtu likavunjikia mgongoni kwa Shemeji, akaanguka, watu wakamvamia. Mateke. Nami nilimpiga mateke — hata alipokwisha kunyamaza.
Mdogo wangu ndiye aliyesema kwenye maikrofoni: inatosha. Hawakusikia. Ndipo akanishika kola, tukamburura mumewe hadi humu.
"Shikilia mlango, kaka." Akarudi jukwaani.
Kinyozi kaenda kuita gari la wagonjwa, shati kalibana shavuni. Gari halijafika. Nimeegemea mlango kwa mgongo, wanaupiga kwa nje, wanataka nimtoe. Bawaba ya juu imeanza kulegea. Mdogo wangu anaimba, peke yake, bila dramu. Baadhi wameacha kupiga mlango, wanaitikia. Wengine bado.
Shemeji yuko miguuni pangu. Anakoroma, damu sikioni. Sasa hivi kafumbua jicho moja. Midomo yake inafuata maneno ya wimbo.
"Nani huyo anaimba?" kaniuliza.
Nazidi kuukaza mgongo. Bawaba ya juu imeng'oka, mlango un—