Kikuyu cha Shosho Idah

Jumapili, 7 Septemba 2025

Nimehamia Mugutha. Godoro, jiko la gesi, suti moja, viatu. Chumba ni kidogo lakini kinapata jua la asubuhi, na choo si mbali. Ila mimi sikufuata chumba. Nimefuata landlady, mwenye hii ploti. Shosho Idah — nyanya mjane, watoto wake wote wanaishi mbali, na ploti nzima inajua kwamba Kiswahili hakitoki kinywani mwake mpaka alazimishwe na chifu. Huyo ndiye ninamtaka!

Wacha niandike sababu hapa, ndiyo nikichoka nisijifanye nimesahau. Mzee Githae, babake Rachael, amekubali niende kwao Kimbo na watu wangu mwisho wa Novemba. Lakini ametuma neno: mambo ya nyumba yake hayapitii kwa mkalimani. Mwanamume anayemtaka Rachael asimame aseme mwenyewe, kwa Kikuyu, mbele ya wazee. Akishindwa, abaki kwao Ngoliba na mbuzi zao. Na Rachael naye ameniambia wazi, bila kupepesa macho: baba akisema hapana, ni hapana. Yeye hawezi kuolewa kama mtu anayetoroka.

Rachael kunifundisha tulijaribu. Wapi! Tunaanza vizuri, mmoja anacheka, kabla chai ipoe tumerudi kwa Kiswahili na mambo yetu. Mtu asifundishwe lugha na mtu anayempenda.

Kwa hivyo nimeapa. Ndani ya gate ya Shosho, Kiswahili marufuku.


Jumatano, 10 Septemba

Nilidhani itakuwa mteremko tu. Si kila mtu husema Kikamba na Kikuyu ni ndugu? Ndugu gani hao! Nachukua Kikamba changu nakipinda kidogo, Shosho ananitazama kama mtu anayetafuta stesheni kwa redio mbovu. Kisha anasema tena, polepole, akinishika mkono. Hachoki. Jioni tumetaja kila kitu jikoni kwake mpaka kwa mwiko.


Alhamisi, 18 Septemba

Aibu. Lakini ya kucheka.

Nimegundua ugonjwa wangu: naitikia. Shosho akishika mbio kwa maneno, mimi ni "ii, ii", kichwa kinacheza, ndiyo asione nimepotea. Leo stima imepotea Thika, na cherehani zangu bila stima ni vyuma tu, nikafunga duka mapema. Kufika nyumbani — akina mama wamejaa mlangoni pangu! Viti vya plastiki, leso, Biblia, sufuria. Kumbe juzi Shosho aliniuliza kama ushirika wao wa kanisa unaweza kukutana kwa veranda yangu kila Alhamisi, kwa sababu yake inavuja. Na kama nitasaidia kuchambua minji, zile njegere za kupika. Nikasema ndiyo. Tena kwa furaha!

Hasira ilinipanda, haki. Nikataka kurudi Thika. Lakini mama mmoja mnene akanisukumia kigoda, nikawekewa sinia ya minji kwa magoti, na hadithi zikaendelea kana kwamba nimezaliwa hapo. Hakuna aliyenihurumia na Kiswahili. Hakuna! Na nimeelewa nusu. Mume wa mtu fulani ameuza ndama bila kuuliza, na wote wanataka achapwe.


Jumamosi, 4 Oktoba

Nimegombana kwa Kikuyu! Ni mimi na jirani wa chumba cha kona, kwa sababu ya kamba ya nguo. Maneno yalitoka yenyewe, moja nyuma ya lingine, na mikono kiunoni. Jirani alibaki mdomo wazi. Alianua nguo zake haraka haraka, uso ameugeuza. Nimetembea ploti nzima kifua mbele.

Alhamisi sasa hata mvua haiwezi kunizuia. Akina mama wananiwekea kigoda changu. Wakisema woiye kwa huruma, nasema woiye. Wakishangaa haiya! nami haiya! na kupiga paja. Raha tupu.


Jumanne, 21 Oktoba

Nzau, tunayeshona naye hapa dukani Thika, anasema nimekuwa mtu wa maneno mengi. Mteja akiingia kuuliza sweta ya shule, mimi nishaanza. Bwana yake mzima? Watoto? Miguu je? Nzau ni Mkamba mwenzangu, haelewi hata neno, lakini anasema wateja wanatoka wakicheka. Nikamwambia ni furaha ya kuhudumiwa kwa lugha yao. Ana wivu tu huyo.

Rachael amenipigia. Ninataka kumshtukiza, kwa hivyo nikakataa kuongea Kikuyu kwa simu. Atasikia siku yenyewe, pamoja na babake. Akasema, Mumo, usijiamini sana. Lakini nimesikia sauti yake, amefurahi.


Ijumaa, 7 Novemba

Ngai! Mungu wangu.

Leo nilipitia Kimbo kunyoa, ndiyo nizoee hewa ya huko kwa wakwe. Kinyozi ni kijana mpole, Muriithi. Nikakaa, nikamsalimia kwa Kikuyu, vizuri, bila kukwama. Akazima mashine. Akasema, rudia. Nikarudia. Akaenda mlangoni akamwita jamaa wa duka la simu. Nikarudia mara ya tatu, nikidhani wanashangaa jinsi nilivyoiva. Jamaa wa simu akakaa chini kwa sakafu, akashika tumbo.

Kumbe! Nilimwita Muriithi "kaana gakwa", katoto kangu. Nilimwambia magoti yangu yamekataa hii baridi. Nilimwonya asilale bila kufunika kifua. Nikainuka nikishika kiuno — kiuno changu, mimi mtu wa miaka thelathini! — na kumwaga baraka mpaka kwa wajukuu wake ambao hawajazaliwa.

Muriithi akafuta machozi. Akasema, boss, Kikuyu unacho, tena kizuri kuliko changu. Lakini wewe ni shosho yangu kabisa. Umebakisha kitambaa cha kichwa.

Sasa naelewa wateja wa sweta. Naelewa jirani wa kamba! Hakuogopa, alikuwa anazuia kicheko! Kila neno ninalojua limetoka kwa mama wa miaka sitini na kitu. Sijui mwanamume anasalimiaje. Sijui anakohoaje. Mzee Githae atadhani nimeenda kumchezea nyumbani kwake, mbele ya wazee wenzake. Atanifukuza, na Rachael atabaki kwa mlango akiniangalia nikienda.

Nimenyolewa upande mmoja mfupi kuliko mwingine. Hata hiyo sikuona mpaka nyumbani.


Jumapili, 16 Novemba

Nimeenda Githurai 45 kutafuta Kikuyu cha wanaume. Nyuma ya soko kuna jamaa hucheza drafti kwa vifuniko vya soda. Nikawasalimia kwa Kikuyu kifupi, sauti nzito. Wakajibu "niaje". Nikajaribu tena. "Poa, bro." Yaani mtu akishasikia lafudhi yangu, ananitupia Kiswahili kama chenji. Nikawaeleza shida yangu, wakafurahi sana, kila mmoja akawa mwalimu. Mmoja: ongea kidogo, wakwe hawapendi mdomo. Mwingine: hapana, ongea sana, usionekane maskini wa maneno. Wa tatu alikuwa anataka tu nitoke kwa mwanga wake.

Nimerudi na kabeji mbili. Zilikuwa bei nzuri.


Alhamisi, 20 Novemba

Nilimwambia Shosho. Nilidhani atacheka. Alikasirika! Si kwangu — kwa Muriithi na kizazi chake chote. Anauliza, hao wanaonicheka wanaongea nini? Wanatafuna maneno wakitema. Akina mama wote wakaitikia. Kisha yule mnene akaniletea shemeji yake, mzee wa kanisa, akanirekodia kwa simu vile mwanamume anasema nyumbani kwa watu. Ni maneno machache, mazito. Kesho nitamsikiliza nikishona. Nzau lazima ataomba nitumie earphones.

Walikunywa chai, wakaniombea, wakaondoka. Nimeosha vikombe nikisikia vizuri moyoni, sijui kwa nini. Hata mambo yakiharibika, hawa nimewapata.


Ijumaa, 28 Novemba

Kesho.

Mjomba Kaleli amefika kutoka Ngoliba, analala kwa kitanda changu. Suti imepigwa pasi. Maneno ya yule mzee nimeyashika yote. Rachael ametuma meseji: baba ameanza kunyamaza, na akinyamaza hivyo hujui anawaza nini. Sili.


Jumamosi, 29 Novemba

Naandika kwa simu, Kimbo, nyuma ya nyumba ya kina Rachael, karibu na zizi. Nimeambiwa nisubiri hapa. Nisipoandika nitapiga ukuta teke.

Tulipokelewa vizuri. Chai, mikate, wazee wamekaa upande ule, sisi upande huu. Mjomba Kaleli anakohoa kila akiogopa, na alikuwa anakohoa. Rachael yuko mlango wa jikoni na shangazi zake, hanitazami. Kwenye kona, karibu na dirisha, mama yake Mzee Githae — mkongwe, shuka mabegani, amenyamaza tu. Hakuna aliyemtambulisha. Nilidhani hasikii.

Mzee akasema, haya, kijana tumsikie.

Nikasimama. Yale maneno mazito ya simu — yameenda! Yote! Nikafungua mdomo kwa woga, na aliyetoka ni Shosho Idah. Nikamwita Mzee Githae katoto kangu. Mbele ya wazee! Nikaomba wenye magoti mabaya wakae karibu na jua. Nikaibariki nyumba, zizi, tumbo la kila mwanamke aliye ndani, nikasema nimekuja kumwomba huyu msichana kwa sababu bila yeye chakula hakishuki. Sikuweza kujizuia. Ilikuwa kama kushuka mlima na baiskeli haina breki. Nikamaliza, nikakaa — nikishika kiuno.

Shangazi mmoja akapasuka kwa kicheko, na wote wakafuata. Sufuria ilianguka jikoni. Wazee wanapigana mabega. Hata Rachael amefunika uso na apron, mabega yanatetemeka. Mzee Githae peke yake hakucheka. Shingo ilikuwa imesimama.

Akaanza kujibu. Polepole, kwa Kikuyu. Lakini wasiwasi ulikuwa umemshika hata yeye, na Kikuyu chake kikaanza kuvuja. Akatia "first of all". Akatia "kwa hivyo". Akatia "kama family tuna procedure".

Na yule mama wa kona akaongea.

Akamwambia anyamaze. Mtoto wake, mzee wa nyumba, mbele yetu! Akasema wajukuu wanamjibu Kiswahili, watoto wanamjibu nusu, na leo ndiyo mtu ameingia kwa hii nyumba akasema neno akalimaliza. Akauliza huyu ni wa nani. Akaambiwa ni Mkamba. Akasema hajauliza kabila, ameuliza ni wa nani.

Akaniita kwa kidole. Nikaenda nikachuchumaa. Akashika mkono wangu akaniuliza magoti yanauma upande gani.

Haki ya Mungu, nilimwonyesha! Ningefanya nini? Tukaongea magoti. Tukaongea baridi ya Julai iliyopita, mtoto aliyemzaa akiwa shambani, mume wake aliyekuwa mkali. Pale niliposhindwa kuelewa nilimwambia sijaelewa, mama, akaanza upya kwa furaha. Wazee wakaacha kucheka. Chai ya pili ikaletwa, ikapoa. Mjomba Kaleli akaacha kukohoa. Sijui muda umeenda vipi, lakini najua nilikuwa nimesahau kabisa niliendea nini.

Ndipo Mzee Githae akasimama. "Mumo. Nje." Jina langu tu, na hilo neno. Kwa Kiswahili.

Nikamfuata. Tukafika hapa kwa zizi. Ng'ombe wanne, wamenenepa, wasafi. Tukawaangalia. Hatimaye akasema, kwa Kiswahili bado, polepole, haniangalii:

"Mama hajaongea hivyo tangu tumzike baba."

Nikasema pole. Ndilo neno lililokuja.

Akaniuliza kama najua ng'ombe. Nikamwambia kwetu ni mbuzi. Akaguna. Akasema wageni huwaangalia kutoka hapa kwa gate, huko ndani ni matope, na pia hapendi watu wanaomkanyagia zizi. Akaangalia viatu vyangu. Viatu vya suti. Kisha akageuka akaenda zake kule stoo. Akasema tu, ngoja.

Kwa hivyo nangoja. Kwa nyumba wameanza kuongea tena, sauti ya chini, sisikii ni nini. Rachael ameweka kichwa kwa dirisha la jikoni, ananiuliza kwa mikono: amesema nini? Nimemjibu kwa mikono: sijui. Ameuma kidole.

Amefunga mlango wa stoo. Anakuja. Amevaa gumboots, na ameshika pea nyingine mkononi, anazigonganisha udongo utoke. Ananiangalia miguu. Ananiuliza — kwa Kikuyu — navaa saizi gani.